Kudopi Polima Konjugeti kwa Ajili ya Umeme na Thamoelektriki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya wanafunzi na mafundi wa maabara wa Unguja na Pemba. Taratibu nyingi zilizoandikwa ughaibuni huchukulia kuwa msomaji ana sanduku la glavu lililojaa naitrojeni na kwamba hewa ya chumbani ni kavu. Visiwani kwetu unyevu wa hewa mara nyingi huzidi asilimia 70, na siku za masika hupanda zaidi. Unyevu huo huharibu vipimo vingi kuliko makosa ya mizani, kwa hivyo utaukuta umetajwa karibu kila mahali hapa chini.

Kudopi polima ni kufanya nini hasa?

Polima konjugeti ina bondi moja na bondi mbili zinazopishana kwenye uti wake wa kaboni, na elektroni za bondi hizo zimetandaa kwenye mnyororo. Hata hivyo, ikiwa safi hupitisha umeme kidogo mno, kwa sababu haina vibeba chaji vya kutosha. Kudopi ni kuipa vibeba hivyo. Ama unainyang'anya elektroni na kuacha matundu (aina ya p), ama unaiongezea elektroni (aina ya n).

Aliyezoea silikoni atashangazwa na kiasi. Kwenye silikoni atomi moja ya dopanti (kile kinachotiwa ili kudopi) kati ya milioni inatosha kubadilisha kila kitu. Kwenye polima unahitaji pengine molekuli moja kwa kila vitengo kumi vya mnyororo, au hata zaidi. Tena dopanti haichukui nafasi ya atomi ya polima. Inakaa pembeni ya mnyororo ikiwa ioni yenye chaji ya kinyume. Kwa hiyo pale inapokaa, ukubwa wake, na namna inavyoisukuma minyororo ni mambo yenye uzito sawa na idadi ya elektroni zilizohama.

Msingi wa kazi hii uliwekwa mwaka 1977, pale Hideki Shirakawa, Alan MacDiarmid na Alan Heeger walipoonyesha kuwa poliasetilini ikipewa mvuke wa halojeni, upitishaji wake wa umeme hupanda mara mamilioni. Walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2000.

PEDOT:PSS ya chupa imeshadopiwa au bado? Na DMSO ni dopanti?

Imeshadopiwa. PEDOT:PSS ni mchanganyiko wa polima mbili kwenye maji: PEDOT ndiyo inayopitisha umeme, na PSS ndiyo inayobeba ioni hasi zinazosawazisha matundu yaliyomo kwenye PEDOT. DMSO (dimethili salfoksidi) na ethilini glikoli ni viyeyushi, si dopanti kwa maana ya kuhamisha elektroni, ingawa watu wengi huziita hivyo. Kazi yao ni kupanga upya: PSS ya ziada, ambayo haipitishi umeme, hujitenga, na minyororo ya PEDOT hunyooka na kushikana. Idadi ya vibeba chaji haibadiliki sana. Kinachobadilika ni wepesi wao wa kutembea. Ndiyo maana utando usiotiwa kitu huwa chini ya 1 S/cm (simensi kwa sentimita, kipimo cha upitishaji umeme) au karibu na hapo, na ukiongeza asilimia 5 ya DMSO kwenye aina ya PH1000 unapata mamia ya S/cm.

Tofauti hii ina faida ya moja kwa moja kwa anayetafuta thamoelektriki, yaani kupata umeme kutokana na tofauti ya joto. Ukiongeza wepesi wa vibeba chaji bila kuongeza idadi yao, umeme unapita zaidi na volti inayotokana na joto haiporomoki.

Kwa nini nisidopi mpaka mwisho tu?

Kwa sababu unatafuta vitu viwili vinavyovutana. Nguvu ya thamoelektriki hupimwa kwa S²σ, ambapo S ni kizigeu cha Seebeck (volti kwa kila nyuzi ya tofauti ya joto) na σ ni upitishaji umeme. Vibeba chaji vikiongezeka, σ hupanda na S hushuka. Kwa polima nyingi za aina ya p, S hufuata takriban σ ikiwa na kipeo cha kasoro robo: upitishaji ukipanda mara 10,000, S hushuka mara 10 hivi. Kwa hiyo ukianza na polima safi, S²σ hupanda kadiri unavyodopi. Ukifika kwenye kiwango kikubwa sana, huanza kushuka, kwa sababu S imekuwa ndogo na dopanti iliyozidi imeanza kuvuruga mpangilio wa minyororo.

Kwa hivyo mahali pa kuanzia ndipo panapoamua uelekeo. P3HT, polima nyingine ya aina ya p, huanza ikiwa safi, unapanda. PEDOT huanza ikiwa imedopiwa kupita kiasi, unashuka. Kikundi cha Linköping nchini Sweden kilionyesha hilo mwaka 2011: walichukua PEDOT yenye tosileti (ioni hasi badala ya PSS), wakaipunguzia kiwango cha kuoksidika kutoka asilimia 36 hadi 22 kwa mvuke wa TDAE (kemikali inayotoa elektroni), na S²σ ikafika 324 µW/mK², huku ZT (kipimo cha ubora kinachohesabu pia upitishaji joto) ikiwa 0.25. Upitishaji wao ulipungua, na hilo lilikuwa kusudio. Mwanafunzi anayeripoti σ peke yake na kusema amepata "matokeo bora" bado hajajibu swali la thamoelektriki.

Nianze na polima ipi kwa bajeti ndogo?

Polianilini. Kemikali zake ni chache, inatengenezwa kwenye maji, haihitaji sanduku la glavu, na rangi yake hukwambia hali yake bila chombo. Baada ya hapo nenda PEDOT:PSS. P3HT na dopanti yake F4TCNQ iache mpaka uwe na mahali pakavu pa kufanyia kazi, kwani gramu chache za vitu hivi zinagharimu fedha nyingi na unyevu huziharibu.

Nitengenezeje polianilini inayopitisha umeme?

Utaratibu uliothibitishwa katika maabara nyingi za nchi mbalimbali ni huu. Yeyusha gramu 2.59 za anilini haidrokloraidi kwenye maji mpaka ujazo uwe mililita 50. Kwenye chombo kingine yeyusha gramu 5.71 za amoniamu pasalfeti mpaka mililita 50. Acha vyote viwili vikae saa moja kwenye joto la chumba, kisha vichanganye kwenye bika na koroga kidogo. Dakika za mwanzo huoni kitu. Halafu mmumunyo unaingia buluu, joto linapanda, na mashapo ya kijani kiwivu yanaanza. Acha mpaka kesho yake. Chuja, osha kwa mililita 100 za asidi ya haidrokloriki ya 0.2 M mara tatu, kisha kwa asetoni vivyo hivyo, na kausha kwenye oveni ya nyuzi 60 za Selsiasi. Utapata gramu 2 hivi za unga wa kijani. Unga huo ukigandamizwa kuwa kidonge huwa na upitishaji wa karibu 4 S/cm.

Tumia chumvi ya anilini, usitumie anilini ya maji. Ile ya maji huingia mwilini kupitia ngozi na hubadilika kuwa kahawia ikikaa, na hiyo kahawia ni uchafu utakaouona kwenye matokeo. Hata kwa chumvi, vaa glavu za nitraili na fanya kazi chini ya kofia ya kuvutia hewa. Usizidishe ujazo mara kumi kwa kutaka unga mwingi kwa mkupuo mmoja, kwani mchanganyiko mkubwa haupoi haraka na joto lake hupanda kwa hatari.

Unga wangu wa kijani umegeuka buluu nilipouosha. Kwa nini?

Umeuosha kwa maji ya bomba au ya kisima. Polianilini hudopiwa na protoni za asidi, wala hakuna elektroni inayonyang'anywa. Kwa hiyo protoni zikiondoka, udopaji nao umeondoka. Umbo la kijani ndilo linalopitisha umeme. La buluu halipitishi. Badiliko hilo huanza pale pH inapopita 4 hivi. Kisiwa cha Unguja kimekaa juu ya mawe ya chokaa ya matumbawe, na maji yanayotoka humo ni magumu na yana ubesi kidogo, yaani yanatosha kabisa kuinyang'anya polianilini protoni zake.

Hujapoteza kitu. Loweka unga huo kwenye asidi ya haidrokloriki ya 1 M kwa saa kadhaa na kijani kitarudi. Jaribio hili pia ni zuri kwa wanafunzi wa skuli za sekondari: karatasi iliyopakwa polianilini ya kijani ikiwekwa juu ya mdomo wa chupa ya amonia inageuka buluu, ikiwekwa juu ya asidi inarudi, na multimita inaonyesha ukinzani ukipanda na kushuka.

Maji ya betri yanafaa?

Pengine. Pima upitishaji wake kabla ya kuyatumia: yakiwa chini ya 5 µS/cm, tumia kwa polianilini na kwa kuoshea vioo. Kuna yanayouzwa kwa jina hilo ilhali ni maji yaliyochujwa tu. Kwa PEDOT:PSS usibahatishe, kwani ioni za kalisiamu hushikana na PSS na kufanya mabonge.

Hatua za kutengeneza utando mzuri wa PEDOT:PSS ni zipi?

Chupa hukaa kwenye friji kwa nyuzi 4, isigande kamwe. Iliyoganda haitengemai tena, chembe zake zimeshashikana. Ukiitoa, iache ikiwa imefungwa mpaka ifikie joto la chumba. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kutoa umande kwenye kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 26, na chupa ya nyuzi 4 ukiifungua papo hapo unaikaribisha maji ndani kila siku mpaka mkusanyiko wake haujulikani.

Osha vioo kwa sabuni, kisha maji yaliyotolewa ioni, asetoni na isopropanoli, dakika 10 kila kimoja kwenye bafu la mawimbi ya sauti. Halafu viweke kwenye ozoni ya mwanga wa UV kwa dakika 15. Hatua hii ya ozoni ikirukwa, mmumunyo unajikusanya kuwa matone badala ya kutandaa. Usipokuwa na ozoni, ongeza tone la sabuni ya florini au isopropanoli kidogo kwenye mmumunyo, ukijua kuwa hicho ni kitu cha ziada ndani ya utando wako.

Chukua mililita 5 za mmumunyo, ongeza mililita 0.25 za DMSO, koroga dakika 30, kisha pitisha kwenye chujio la sindano la mikroni 0.45. Chujio likiziba baada ya mililita moja, mmumunyo umezeeka. Kuulazimisha kwa nguvu ya kidole kunabadilisha kiasi cha polima kilichobaki. Zungusha kwa mizunguko 2,000 kwa dakika, sekunde 60, halafu kausha juu ya jiko la maabara kwa nyuzi 130, dakika 15. Umeme ukikatika katikati ya kukausha, tupa kipande hicho au kiandike alama. Kilichokauka nusu hakilinganishwi na kilichokauka chote.

Kutoka hapo unaweza kuongeza hatua ya pili: dondoshea ethilini glikoli juu ya utando uliokauka, subiri dakika kadhaa, zungusha uondoke, kausha tena. PSS ya ziada hutoka pamoja nayo na utando unakuwa mwembamba. Pima unene upya. Asidi ya salfuriki nzito huondoa PSS nyingi zaidi na hufikisha upitishaji wa maelfu ya S/cm, lakini hatuishauri mahali pasipo na bomba la kuoshea macho na mtu wa pili chumbani.

P3HT na F4TCNQ: nichanganye kwanza au nidopi utando uliokwisha tandazwa?

Dopi utando. Ukichanganya viwili hivi kwenye mmumunyo, P3HT iliyopata chaji huacha kuyeyuka, inashikana mabonge, na utando unatoka na vichembe. Upitishaji wake hukwama karibu na 1 S/cm au chini. Ukitandaza P3HT kwanza, minyororo hujipanga yenyewe kama miyaa ya mkeka, kisha dopanti hupenya pembeni bila kuifumua.

Yeyusha miligramu 10 za P3HT kwa kila mililita ya klorobenzini, kwenye nyuzi 60, mpaka rangi iwe ya chungwa angavu bila chembe. Zungusha kwa mizunguko 1,000. Yeyusha F4TCNQ kwenye asetonitraili, kati ya miligramu 0.1 na 1 kwa mililita. Asetonitraili haiyeyushi P3HT, ndiyo sababu ya kuichagua. Funika utando kwa mmumunyo huo kwa sekunde 30, kisha zungusha kwa mizunguko 4,000 ili ya ziada iondoke. Badilisha mkusanyiko, si muda, unapotaka viwango tofauti vya kudopi.

Ukitaka kufikiria kwa hesabu: kitengo kimoja cha P3HT kina uzani wa 166.3, na F4TCNQ ni 276.2. Kwa miligramu 10 za polima, dopanti moja kwa kila vitengo kumi ni miligramu 1.66. Mizani ya kusoma miligramu 10 haitoshi. Tengeneza mmumunyo mama, kisha uupunguze makali.

Elektroni huhama kwa sababu ngazi tupu ya nishati ya F4TCNQ iko karibu na -5.2 eV, chini kidogo ya ngazi iliyojaa ya P3HT iliyo karibu na -5.0 eV. Polima yenye ngazi ya chini zaidi ya hapo haitadopiwa vizuri na F4TCNQ, hata uiloweke usiku kucha.

Kloridi ya feri ni rahisi zaidi. Tatizo lake nini?

Ina nguvu ya kuoksidisha na hufikisha P3HT kwenye upitishaji mkubwa kuliko F4TCNQ. Tatizo ni unyevu. Kloridi ya feri isiyo na maji hunyonya maji hewani mpaka inajiyeyusha, na kwa hewa yetu hilo hutokea ukiwa bado unapima. Unachopima ni maji kwa sehemu, na kinachobaki hakina nguvu ileile. Pima ndani ya kisanduku kikavu, ukitaka 10 mM kwenye mililita 10 ni miligramu 16.2, na utumie siku hiyohiyo. Ayodini hudopi haraka kwa mvuke tu, ila huondoka haraka vilevile. Inafaa kwa onyesho la darasani.

Utando unatoka na ukungu mweupe. Ni nini?

Ni umande. Asetonitraili na klorofomu zikivukiza huipoza sura ya utando, ikashuka chini ya kiwango cha umande, na matone madogo ya maji yakatua juu yake. Yakikauka huacha vishimo. Tumia kiyeyushi kinachovukiza polepole kama klorobenzini pale inapowezekana, washa kiyoyozi cha kukausha hewa saa moja kabla, na funga mlango. Kiyoyozi kinachopoza bila kukausha hakisaidii.

Sina sanduku la glavu. Nifanyeje?

Kwa kazi ya aina ya p, kisanduku cha plastiki chenye mfuniko wa mpira na silika jeli kinatosha kuhifadhi na hata kupima ndani yake. Kausha silika jeli kwenye nyuzi 120 kwa saa mbili kila rangi yake inapobadilika. Ukitaka unyevu usiobadilika, weka bakuli la chumvi iliyolowekwa maji kidogo mpaka ibaki rojo: kwenye nyuzi 25, lithiamu kloraidi hushikilia asilimia 11, magnesi kloraidi 33, sodiamu kloraidi 75. Chumvi ya mashamba ya bahari yetu haifai kwa kazi hii, kwa kuwa ina magnesi ndani yake na unyevu unaotoa hautakuwa 75.

Nitajuaje kuwa polima imedopiwa kweli?

Angalia rangi kwanza. P3HT safi ni ya zambarau. Iliyodopiwa hufifia na kuelekea buluu-kijivu inayopenyesha mwanga. Kisha pima ufyonzaji wa mwanga. Kilele cha P3HT kati ya nanomita 520 na 610 hushuka, na ioni ya F4TCNQ huonyesha vilele viwili, karibu na nanomita 760 na 870. Ukiona kilele karibu na 390 kimebaki kikubwa, kuna F4TCNQ ambayo haijapokea elektroni: imejaa tu kwenye utando bila kufanya kazi.

Nipimeje upitishaji umeme bila kujidanganya?

Tumia probu ya ncha nne, kwa sababu ncha mbili za multimita zinapima pia ukinzani wa mguso. Ukinzani wa sura ni 4.532 mara V/I, mradi upana wa utando uwe angalau mara 40 ya nafasi baina ya ncha. Ukiwa mara 10 tu, kosa ni asilimia 7 hadi 9 na lazima utumie kisahihisho cha umbo.

Kisha zidisha kwa unene, na ugawe 1 kwa jibu hilo upate upitishaji. Utando wa Ω 200 kwa mraba wenye unene wa nanomita 50 ni 1,000 S/cm. Ukiwa kumbe ni nanomita 60, ni 833. Kosa la nanomita kumi limekula sehemu moja ya sita ya matokeo, na S²σ imepungua kwa kiwango hichohicho. Pima unene sehemu tatu, tena baada ya kudopi, kwani utando huvimba ukipokea dopanti.

Na kizigeu cha Seebeck?

Hiki ndicho kipimo kinachoharibika zaidi visiwani, na kinaharibika kwa upande unaofurahisha.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Weka utando juu ya vipande viwili vya Peltier vyenye nafasi ya milimita chache, kimoja kipashe, kingine kipoze. Pima joto mahali palepale unapopima volti. Chukua tofauti za nyuzi 2, 4, 6, 8 na 10, geuza uelekeo, chora volti dhidi ya tofauti ya joto, na usome mteremko. Usigawe kipimo kimoja cha volti kwa kipimo kimoja cha joto, kwani karibu kila saketi ina volti ndogo ya kudumu. Nyaya za shaba huchangia karibu 1.8 µV/K, ziingize kwenye hesabu. Fanya vituo vya mguso viwe vyembamba kulinganisha na umbali baina yao. Vikiwa vipana, S inayosomeka huwa kubwa kuliko ya kweli.

Sasa unyevu. PSS ni asidi, na ikinyonya maji protoni zake hutembea. Ukipasha upande mmoja, protoni hizo hukimbilia upande wa baridi na kuongeza volti yao juu ya ile ya matundu. Utando ambao kwa kweli una 15 hadi 20 µV/K unaweza kusoma mara nyingi ya hapo. Lakini protoni haziwezi kuingia kwenye waya. Ukiunganisha mzigo, mkondo wake hufa baada ya muda. Ukiweka S hiyo kwenye S²σ umehesabu nguvu isiyopatikana.

Namna ya kutambua: shikilia tofauti ya joto bila kuibadilisha na uangalie volti kwa dakika 20. Ya matundu husimama. Ya ioni huporomoka au huyumba. Kisha pima kipande hichohicho ndani ya kisanduku cha asilimia 11 na cha asilimia 75. Namba mbili zikipishana sana, ile ya hewa kavu ndiyo ya kuripoti. Andika unyevu kando ya kila S unayotoa. Tunaona matokeo yasiyo na namba hiyo hayafai kulinganishwa na ya mtu mwingine.

ZT je, naweza kuihesabu kwa kuchukua upitishaji joto wa 0.2 W/mK?

Hapana, kwa utando unaopitisha umeme vizuri. Vibeba chaji navyo hubeba joto. Kwa 1,000 S/cm kwenye joto la chumba, kanuni ya Wiedemann na Franz inatoa karibu 0.7 W/mK kwa vibeba hivyo peke yao, kabla hujaongeza mchango wa minyororo. Zaidi ya hapo, minyororo ya PEDOT hulala sambamba na kioo, kwa hiyo joto hupita vizuri zaidi kwa ubavu kuliko kwa wima. Ukipima umeme kwa ubavu na joto kwa wima, ZT inapanda bila haki. Kama huna chombo cha kupima joto kwa ubavu, ripoti S²σ na uishie hapo.

Kwa nini polima za aina ya n ni ngumu hivi?

Elektroni ya ziada hunyakuliwa na oksijeni na maji. Polima inahitaji ngazi tupu iliyo chini ya -4 eV hivi ili elektroni ibaki. N2200, polima ya aina ya n, ikidopiwa kwa dopanti ya N-DMBI kwa kawaida hutoa sehemu moja ya elfu hadi sehemu moja ya mia ya S/cm, na hufa hewani. Kuna polima ya PBFDO, iliyoripotiwa 2022, inayopita 2,000 S/cm na kustahimili hewa, lakini kwa maabara nyingi hapa njia ya busara ni kutumia miguu (vipande vya polima vinavyounda kifaa cha kuzalisha umeme) ya aina ya p peke yake na kuiunganisha kwa wino wa kaboni.

Inaweza kuendesha nini? Tuseme kwenye mabomba ya mvuke ya kukamulia mafuta ya karafuu kule Wawi, Pemba.

Mahali hapo panafaa kufikiriwa, kwa kuwa joto la mvuke liko karibu na nyuzi 100 na polima huchapwa kwenye karatasi laini inayozunguka bomba. Hesabu ni hii. Mguu wa PEDOT:PSS wa urefu wa milimita 10, upana milimita 5, unene mikroni 10, wenye 500 S/cm, una ukinzani wa Ω 4. Kwa 20 µV/K na tofauti ya nyuzi 30 unatoa milivolti 0.6. Miguu 100 kwa mfululizo ni milivolti 60 na Ω 400, bila kuhesabu viungo. Nguvu ya juu kabisa ni mikrowati 2.25.

Hiyo haiwashi taa. Inaweza, kwa kukusanya kidogo kidogo, kutuma kipimo cha joto kwa redio mara chache kwa siku. Na kuna mtego: saketi ya kupandisha volti kama LTC3108 huanza kazi kwenye milivolti 20, ila ukinzani wake wa kuingilia ni ohmu chache. Ukiifunga kwenye chanzo cha Ω 400, milivolti 60 zinaanguka chini ya 1 na haiwaki kabisa. Unene wa miguu na ubora wa viungo ndivyo vya kushughulikia kwanza, kabla ya kutafuta dopanti mpya.

Utando uliodopiwa hudumu muda gani?

Inategemea ioni. F4TCNQ ni ndogo na hutoka. Ukiupasha utando zaidi ya nyuzi 80 kwa muda, upitishaji unashuka. PEDOT:PSS hudumu ikifunikwa. Isipofunikwa huvimba na kusinyaa kila siku kwa unyevu mpaka mguso unaachia. Usiweke aluminiamu au shaba tupu chini yake, asidi ya PSS huzila. Fedha nayo, penye unyevu na volti, huota nyuzi kutoka mguso mmoja hadi mwingine na kuleta shoti. Kaboni au dhahabu ni salama.

Mabaki ya kemikali nimwage wapi?

Klorobenzini, klorofomu na asetonitraili zisiingie kwenye sinki kamwe. Mwamba wa matumbawe una matundu, na maji tunayokunywa yapo chini yake, si mbali. Weka chupa mbili za kioo zenye mifuniko, moja ya viyeyushi vyenye klorini, nyingine ya visivyo na klorini, andika tarehe na kilichomo, usijaze zaidi ya robo tatu. Maji ya kuoshea polianilini yana asidi na pasalfeti iliyobaki: ongeza magadi ya soda kidogo kidogo kwanza mpaka pH ifike 7, kisha sodiamu thaiosalfeti (ikitiwa kwenye asidi hutoa gesi ya salfa dayoksaidi), na uchuje mashapo kabla ya kuyaondoa.